Mazungumzo ya Nyumbani: Mlinde Yeye Akutumikiaye



Mwezi uliopita tulipita katika shule moja ya milimani, juu ya Mlalo, siku ya kusafisha ghala. Magunia ya mahindi ya chakula cha mchana yalikuwa yametolewa nje juani, na wavulana wa darasa la sita walikuwa ndani wakifagia. Mara akatoka mmoja wao anacheka, ameshika panya wawili waliokufa, kila mmoja kwa mkia wake, mikono mitupu, akawafukuza nao wasichana uani. Mwalimu wa zamu, kijana aliyeajiriwa juzi juzi, akacheka pia. Tulipomwomba amwamuru mtoto awaweke chini asiwaguse tena, akatutazama kwa mshangao, akauliza kwa adabu, "Kwani, Mwalimu, panya aliyekufa aweza kuuma?"

Tukamjibu, "Yeye hawezi tena, bali wale waliokaa katika manyoya yake waweza."

Mtoto akanawa mikono kwa sabuni, na mpishi akaitwa. Akasema kwamba yeye ndiye aliyeweka sumu ghalani siku mbili nyuma. Basi safari hii ilikuwa sumu tu, tukashukuru. Lakini yule mtoto alipowaokota hakujua kama ni sumu au ni kitu kingine, wala mwalimu aliyemtuma hakujua. Hili ndilo lililotukaa moyoni njiani mpaka nyumbani. Hatumlaumu kijana yule. Alipokuwa mtoto mchanga, ndipo tauni ilipokuwa ikiondoka katika nchi yetu, na sisi tulioiona hatukumsimulia. Tumeona vema basi mwezi huu tuzungumze habari ya kazi zinazomkutanisha mtu na maradhi, na habari ya wajibu wetu kwa wale wanaozifanya kwa ajili yetu.

Wazee wa Mlalo, Mtae, Mlola, Rangwi na Shume hawahitaji kukumbushwa. Tauni iliingia wilaya ya Lushoto mwaka 1980, nayo ikarudi tena na tena karibu kila mwaka, muda wa miaka zaidi ya ishirini. Wataalamu waliohesabu wameandika kwamba tangu mwaka 1980 mpaka mwaka 2011 watu 8,490 waliugua tauni katika Tanzania, nao 675 wakafa. Walio wengi sana katika hesabu hiyo walikuwa wa wilaya yetu hii. Hesabu hiyo ni kama watu 8 waliokufa katika kila wagonjwa 100. Lakini mtu asidhani kwamba ugonjwa wenyewe ni mpole. Tauni ya mitoki isipotibiwa huua watu 30 mpaka 60 katika kila 100, na tauni ya mapafu isipotibiwa karibu haimwachi mtu. Wale wengi walipona kwa sababu dawa ilikuwako, na kwa sababu walikuwako watu waliokubali kuipeleka vijijini kwa miguu, mvua ikinyesha.

Sasa tueleze kwa ufupi jinsi ugonjwa huu unavyotembea, maana asiyeijua njia ya adui hawezi kuiziba. Watu wa kale waliona ya kuwa panya na majipu huenda pamoja. Katika kitabu cha kwanza cha Samweli twasoma kwamba Wafilisti walipopigwa kwa majipu walitengeneza sanamu za dhahabu za majipu na za panya. Lakini kiungo kati ya hivyo viwili kilikuwa kimefichika. Mwaka 1894 tabibu Alexandre Yersin aliona kiini cha tauni katika mitoki ya wagonjwa huko Hong Kong. Mwaka 1898 tabibu Paul-Louis Simond, akiwa Karachi, akaonyesha ya kuwa kiroboto ndiye anayekichukua kiini hicho kutoka kwa panya. Na mwaka 1914 Bacot na Martin, huko London, wakaeleza afanyavyo. Viini huongezeka tumboni mwa kiroboto mpaka vinaziba koo lake. Naye kwa kuwa damu haipiti huona njaa daima, huuma na kuuma tena, na kila aumapo hutapika viini katika jeraha.

Panya akiwa hai, viroboto wake hutulia kwake. Akifa, mwili wake unapoa, nao hawapendi baridi. Huhama upesi kutafuta damu yenye joto, na damu iliyo karibu ni ya yule anayemwokota, au ya mtoto aliyelala sakafuni, au ya mama anayepuliza moto jikoni. Ndiyo sababu panya wakifa ovyo nyumbani bila mtego wala sumu, ni kama kengele iliyolia. Tena wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzao kutoka Ubelgiji walipochunguza nyumba za vijiji vya wilaya yetu, waliona kwamba kiroboto wa binadamu, yule akaaye matandikoni na katika vumbi la sakafu, alikuwa mwingi zaidi pale tauni ilipozoea kurudi. Si panya peke yake basi wa kuangaliwa, bali na sakafu zetu pia.

Ni nani asimamaye mbele ya hatari hii? Tukisema "mfanyakazi" mara nyingi twafikiri mtu wa ofisi au wa kiwanda. Tutazame vilima vyetu. Yuko mkulima afyekaye shamba lililolala, lenye matundu ya panya. Yuko kibarua apandaye darini kushusha mahindi, vumbi likimwagika usoni pake. Yuko mpishi wa shule. Yuko mtega panya. Yuko mama wa nyumba, ambaye kazi yake haina mshahara lakini ni kazi kuliko zote. Wataalamu waliona kwamba wanawake na watoto ndio waliougua zaidi katika wilaya yetu, nao wakataja kulala chini kuwa sababu mojawapo. Yuko mhudumu wa zahanati anayempokea mgonjwa kabla haijajulikana anaugua nini. Yuko yule aoshaye maiti, na vijana wabebao jeneza na kuchimba kaburi. Hawa wote hufanya kazi ambayo mwingine ameikwepa. Kama wao wanatukinga sisi, ni nani anayewakinga wao?

Hapa hatuna budi kuungama jambo moja la utoto wetu. Katika miaka ya kwanza ya 1990 tulikuwa wavulana, na ugonjwa ukaingia kitongojini petu. Katika nyumba ya jirani binti mmoja alishikwa na homa ghafula, kichwa kikamwuma sana, na siku ya pili mtoki ukamtokea kwenye kinena, hakuweza kunyosha mguu. Mhudumu wa zahanati akapelekewa habari, akaja. Mlangoni alisimama, akavaa mipira ya mikononi, akajifunga kitambaa puani na mdomoni, akachomeka suruali yake ndani ya soksi, ndipo akaingia. Alimpima binti, akampa dawa, akawaambia wa nyumba ile watoe matandiko yote nje, na asilale mtu chini kando ya mgonjwa.

Wazee walichukizwa sana. Mmoja akasema, "Huyu ametuona sisi uchafu. Baba yake alikula katika nyumba hii, leo yeye anaingia kama aingiaye zizini!" Sisi watoto tulimwiga, tukajifunga majani ya mgomba usoni na kutembea kwa kunyata, na watu wazima wakacheka, wala hakuna aliyetukemea. Alikuwako mama mmoja, jamaa wa nyumba ile, mwenye moyo mwema sana. Yeye alisema, "Mimi simwogopi mtoto wangu." Usiku ule alilala naye kwenye mkeka mmoja, akamkumbatia, akafua nguo zake. Watu wote wakamsifu kwamba huyo ndiye mwenye upendo.

Siku ya nne mama yule alishikwa na baridi na homa, mtoki ukamtokea kwapani. Walimficha siku mbili, kwa kuwa waliona haya kumwita tena yule waliyemcheka, na wengine walisema kwamba amerogwa. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humwumbua. Lakini mhudumu alisikia, akaja mwenyewe bila kuitwa, usiku, akavaa vile vile mlangoni, akaingia. Binti alipona. Mama yule naye alipona, ingawa alikaa muda mrefu hana nguvu. Na mhudumu yule alipita nyumba hata nyumba katika msimu ule wote wala hakuugua, akaweza kuwatibu watu wengi.

Tumeyafikiri hayo miaka mingi. Mama yule alikuwa na upendo wa kweli, hatusemi vinginevyo. Lakini na yule aliyejifunga kitambaa alikuwa nao, tena wake ulidumu mpaka nyumba ya mwisho. Sisi tuliupima upendo kwa mikono mitupu, tukakosea. Lau angalitusikiliza, akavua mipira yake ili asitukasirishe, huenda angalikufa, na baada yake nani angalikuja usiku?

Maana hatari hii hata mtu hodari na mwenye elimu humpata. Huko Gulu, Uganda ya kaskazini, ipo hospitali ya misheni iitwayo St. Mary's, Lacor. Mwaka 2000 ugonjwa wa ebola ulipozuka huko, tabibu mkuu wake, Dakta Matthew Lukwiya, ndiye aliyeutambua mapema, akatenga wodi, akafundisha wauguzi kuvaa mavazi ya kinga. Usiku mmoja wa mwezi wa Novemba muuguzi mwenzao aliyekuwa mgonjwa alizidiwa, akatoka kitandani akivuja damu. Dakta Lukwiya aliamshwa, akakimbia kumsaidia. Alivaa barakoa, kofia, joho na mipira ya mikononi jozi mbili, lakini hakufunika macho. Tarehe 5 Desemba mwaka 2000 alikufa kwa ugonjwa ule ule. Katika mlipuko ule watu 425 waliugua na 224 wakafa, na baadhi yao walikuwa wauguzi wa hospitali ile. Tusimhesabu kuwa mzembe mtu aliyekimbilia kilio usiku. Twajifunza tu kwamba ugonjwa hautazami nia ya mtu. Unatazama mlango ulioachwa wazi, hata ukiwa mdogo kama jicho.

Na upande wa pili tutazame kisiwa cha Madagaska, ambako tauni ingali inarudi karibu kila mwaka. Mwaka 2017, kuanzia Agosti mpaka Novemba, ilizuka kwa nguvu, na safari ile nyingi ilikuwa tauni ya mapafu, ambayo huenda kwa kikohozi kutoka mtu kwa mtu. Wagonjwa waliohesabiwa walikuwa 2,417, na waliokufa 209. Miongoni mwa watumishi wa afya 81 walipatwa na dalili za ugonjwa, lakini hakuna hata mmoja wao aliyekufa. Watu zaidi ya 7,000 waliokuwa wamekaribiana na wagonjwa walitafutwa, nao wakapewa dawa ya kinga kabla hawajaugua. Tauni ni ugonjwa wa haraka, lakini dawa zake zipo, nazo ni za haraka vile vile zikitangulia.

Basi, ndugu, tufanye nini katika nyumba zetu, mashamba yetu na shule zetu? Tunaandika hapa mambo machache ambayo mwalimu aweza kuyabandika ukutani.

1. Panya aliyekufa asiguswe kwa mkono mtupu, wala asipigwe teke, wala asiachiwe paka au mbwa. Kwanza anyunyiziwe dawa ya kuua wadudu, akiwa bado pale pale alipo. Kisha mtu mzima avae mipira, au atie mkono wake ndani ya mfuko wa nailoni, amshike, augeuze mfuko, aufunge. Azikwe shimo refu au achomwe moto mbali na nyumba. Ndipo mikono ioshwe kwa sabuni.

2. Panya wakifa wengi bila sababu kujulikana, Bwana Afya wa kata au zahanati ipelekewe habari siku ile ile. Asingojewe mtu kuugua kwanza.

3. Palipo na tauni, viroboto wauawe kwanza, panya baadaye. Wengi hawalijui hili. Ukiwaua panya wote kwa siku moja, umewafukuza viroboto wao wote waje kwako. Kwa hiyo dawa ya unga ya kuua viroboto hutangulia sakafuni, kwenye matundu na kwenye njia za panya. Mitego na sumu hufuata, kwa maagizo ya Bwana Afya.

4. Atakayesafisha ghala au dari afunike pua na mdomo, avae mipira, nguo ya mikono mirefu na viatu vilivyofungwa, achomeke suruali ndani ya soksi. Madirisha yafunguliwe kwanza, na maji kidogo yanyunyizwe ili vumbi lisiruke. Kazi hii ni ya mtu mzima. Walimu, msiwape watoto ghala.

5. Mahindi yasilazwe katika chumba walalamo watu. Yahifadhiwe katika pipa lenye kifuniko, au ghala iliyoinuliwa. Na watu walale kitandani, hata kama ni kitanda cha miti na kamba. Anayemnunulia mkewe kanga mbili kwa sikukuu aweza kununua moja, na iliyobaki imfanyie mtoto kitanda.

6. Mtu akishikwa ghafula na homa ya baridi, kichwa kikali na uchovu, kisha mtoki wenye maumivu ukatokea kinenani, kwapani au shingoni, apelekwe hospitali upesi. Dalili huanza siku 1 mpaka 7 baada ya kuumwa na kiroboto. Akikohoa, na hasa akitoa damu, afunikwe mdomo, na anayemchukua naye afunike wake, maana tauni ya mapafu huua kwa siku moja au mbili. Waliomwuguza waende pia kupata dawa ya kinga. Hiyo humezwa siku 7 kwa maagizo ya tabibu, wala isikatwe njiani.

7. Mtu akifa kwa ugonjwa wa namna hii, maiti asioshwe wala asivalishwe na jamaa wasio na mavazi ya kinga. Waitwe watu wa afya, nao waongoze. Hapa twasema kama mtu ambaye kazi yake ni kusimama kando ya makaburi. Hatukuona katika miaka yote kwamba marehemu alipungukiwa heshima kwa sababu waliombeba walivaa mipira. Nyimbo ziliimbwa, maneno yalisemwa, udongo ulirudishwa. Heshima iliyopungua ni pale tulipomzika mtu wa Jumatatu, na Jumatatu ya pili tukawazika waliombeba.

Wengine watasema, "Tauni imekwisha, mbona mwatutisha?" Kweli, tangu mwaka 2004 imenyamaza katika wilaya yetu, na twashukuru sana. Lakini ugonjwa wa panya wa porini waweza kulala miaka mingi kisha ukaamka. Mwaka 2007 wenzetu wa Mbulu waliuona. Tena panya hana ugonjwa mmoja tu. Mwezi wa Julai mwaka 2022 ugonjwa usiojulikana ulizuka Ruangwa, mkoa wa Lindi. Watu 20 waliugua, na 3 wakafa. Ulipochunguzwa ulionekana kuwa homa ya mgunda, ambayo viini vyake hutoka katika mkojo wa panya na wanyama wengine, vikaingia kwa mkulima kupitia maji, tope na michubuko ya ngozi. Mwenye kuchuna ng'ombe aliyekufa ghafula naye hukutana na kimeta. Viatu vya mpira, mipira ya mikononi, sabuni, na ngozi isiyo na jeraha wazi hukinga mengi kwa pamoja.

Sasa neno letu la mwisho ni kwa wenye kuajiri, na kila mwenye kumpa mtu kibarua cha siku moja ni mwajiri siku hiyo. Nchi yetu inayo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Yampasa mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kinga, si kwamba mfanyakazi avinunue katika ujira wake. Ipo pia sheria ya fidia kwa wafanyakazi ya mwaka 2008, na mfuko wake, kwa ajili ya mfanyakazi aliyeumia au kuugua kwa sababu ya kazi, na kwa wategemezi wake akifa. Wakuu wa shule na wasimamizi wa zahanati wawaeleze watumishi wao, maana haki isiyojulikana ni kama chakula kilichofungiwa.

Mataifa nayo yamelifikiri jambo hili polepole. Shirika la Kazi Duniani lilipokutana mara ya kwanza, Washington, mwaka 1919, lilishauri kwamba sufi zenye viini vya kimeta zisafishwe ili wafanyakazi wasiambukizwe. Baada ya hapo ilipita miaka zaidi ya 100. Mwezi wa Juni mwaka 2025, katika mkutano wake wa 113 huko Geneva, ndipo lilipopitisha mkataba wa kwanza wa dunia unaohusu kwa jumla hatari zote zitokazo kwa viini na viumbe hai mahali pa kazi. Ni Mkataba Namba 192. Twafurahi kwamba umekuja. Lakini mkataba hauwezi kupanda mlima mpaka Mtae na kumvika kibarua mipira. Hiyo ni kazi ya yule anayempa jembe.

Basi tufanye hesabu nyepesi, kila mtu nyumbani mwake. Jozi ya mipira, barakoa, kipande cha sabuni: je, bei yake yazidi bei ya debe la mahindi? Nasi kwa debe hilo humpandisha kijana wa watu darini, gizani, kifua wazi, tukimwambia "Jitahidi, mwanangu." Kama kweli ni mwanangu, mbona sikumvika?

Yule mwalimu kijana tulionana naye tena Jumapili ya juzi. Alitwambia kwamba amekwisha kuzungumza na kamati ya shule, wakachanga, wakanunua mipira jozi sita na viatu vya mpira jozi mbili, navyo vinaning'inia ndani ya mlango wa ghala. Na watoto hawaingii tena humo kufagia. Akacheka, akasema, "Lakini mpishi alipovivaa mara ya kwanza, Mwalimu, watoto walimcheka mpaka akavivua."

Tukamwuliza, "Nawe ulifanya nini?"

Akasema, "Nilivaa mimi, nikafagia nao wakinitazama. Siku ya pili mpishi akavaa."

Hayo yatosha kwa mwezi huu. Someni pamoja na watoto, na mzee aliyeiona tauni aombwe kuwasimulia naye wakati wangali wanaye. Kwaherini, tukutane mwezi ujao.